Sauti Niliyorekodi Asubuhi ya Posa

Jamani, mkasa huu nimeuficha mwaka mzima, nikiulizwa nasema siku ile niliumwa, ila kwa kuwa nyote mmeshausikia nusunusu huko sokoni na kila mtu ameutia chumvi yake, acheni niwasimulie mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke, mimi aibu niliimaliza yote siku ile ile.

Mnanijua, Mama Nassoro wa Dunda hapa Bagamoyo, mjane, mshona mapazia, mtu wa kuheshimika. Msichokijua (au mnachokijua mkanyamaza) ni kwamba Nassoro alipopata kazi Dar aliniachia gemu lake lile la kuchomeka kwenye runinga, siku moja nikawa nalifuta vumbi nikashika pedi, kile kidude cha kuchezea, na tangu hapo sijapona. Nacheza ya kupigana tu, ya mapanga na mazimwi. Nikaingia hata kwenye kundi la wasapu la wapenzi wa gemu, nikajiita Kapteni, naandika maoni yangu na watu wanayasoma kweli: hili la mapanga tamu lakini hatua ya tatu wameivuta mno, lile la bunduki lina picha nzuri ila maadui wake wajinga, wanasimama wanasubiri uwapige. Wote mle waliniita kaka. Sikuwasahihisha.

Sasa mle kundini kulikuwa na mtu anajiita Mzee Ngao. Yeye haandiki, anatuma sauti, nzito, ya taratibu, utadhani anatoa hotuba, na kila mara anamalizia, "Mwenye ngao hafi kijinga." Tulikuwa tumegombana wiki nzima juu ya gemu jipya, lile la shujaa anayepambana na zimwi la mikono sita, maana mimi nasema raha yake ni kukwepa na kuvamia, na waliolitunga wamekosea kumpa mchezaji ngao kubwa vile, yeye anasema bila ngao gemu lile ni wendawazimu.

Asubuhi ya posa ya Nassoro nimekaa nakausha piko nililojichora vidoleni, namsubiri mshenga wetu, Mzee Kondo, tuende Kerege kwa wazazi wa Zainabu. Miaka mitatu watoto wale wanasubiriana, na baba wa binti alikuwa ameshakataa wachumba wawili. Simu ikalia. Mzee Ngao huyo, anajisifu kamuua zimwi kwa dakika arobaini, zote nyuma ya ngao. Nikapandwa na hasira. Kuandika siwezi, piko bichi. Nikasema leo tu, nikabonyeza kwa kifundo cha kidole, nikarekodi sauti yangu kwa mara ya kwanza (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, na wala sikuwa na habari), kisha tukapanda gari tukaondoka.

Kerege walitupokea vizuri. Wanaume wakakaa sebuleni, sisi wanawake tukaingizwa chumba cha ndani, katikati pazia (zuri, ila pindo wamelikosea), na mimi nimekaa bega kwa bega na mama wa binti, Bi Mwanahawa, ananimiminia juisi ya ukwaju. Mumewe, Mzee Shomari, nilikuwa sijawahi kumwona, nilisikia sifa zake tu, msoma dua, mtu asiyekosa swala ya jamaa. Katika posa mama wa kijana hana kauli, mshenga ndiye mdomo wetu, na Mzee Kondo alikuwa anamsifu Nassoro mpaka nikaona kama anasemwa mtoto wa mtu mwingine.

Mzee Shomari akajibu kutoka upande wa pili. "Tumewasikia, wageni wetu. Lakini mtoto ni amana, hatuwezi kukurupuka. Mimi kila jambo najikinga kwanza. Mwenye ngao hafi kijinga."

Sauti ndiyo ile ile ya Mzee Ngao. Na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili zake, ulimi ukaondoka wenyewe, sebule nzima ikasikia: "Ngao ya nini, mkwepe umchome mbavuni."

"Huyo aliyesema ndani ni nani?" akauliza Mzee Shomari.

"Ni mama wa kijana," akajibu Mzee Kondo. "Nadhani ni joto."

Nikamsikia anapapasa mfuko wa kanzu, kama mtu anayetaka kuhakikisha sauti, kisha, wallahi, sauti yangu mimi ikatoka kule sebuleni: "Mzee Ngao, mwanamume wa kujificha dakika arobaini kwa zimwi moja, huyo hata kwake hana amri. Mkewe akikohoa anaingia uvunguni. Uza hilo gemu ufuge kuku."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wanawake wote wakanigeukia. Bi Mwanahawa akaweka jagi chini taratibu, akanitazama, kisha akalitazama pazia.

"Baba Zainabu," akaita, "hilo gemu ndilo unalojifungia nalo stoo kila baada ya alasiri? Mimi si uliniambia unadurusu?"

Tukapewa pilau, tukala tukitazama sahani, tukaambiwa jibu litaletwa. Kabla hatujafika Bagamoyo Nassoro alikuwa ameshaambiwa, akanipigia. Hakufoka, na angefoka ingekuwa afadhali. "Mama," akasema, "ulikuwa na kazi moja tu, kukaa kimya." Akakata.

Siku tisa sikula nikashiba. Siku ya kumi Mzee Kondo akaja, uso hausomeki. Wamekubali, akasema, na mahari ameitaja binti mwenyewe, maana ni haki yake: Msahafu, cherehani, na gemu la mama mkwe. Nilimwomba arudie. Akarudia. La baba yake, akasema, binti ameshalichukua, yote yatakaa kwake, na mzee atakayetaka kucheza apige hodi kwa adabu.

Nililia, sifichi, kisha nikalifunga kwenye kanga nikalitoa. Na nimekula kiapo, sirekodi tena sauti, hata ya kumpa mtu pole. Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Zainabu, nikamkuta Mzee Shomari ameshaketi mbele ya runinga, pedi mkononi. Nikamtolea salamu, akaitikia bila kugeuka. Mkwe wangu akaniwekea kiti nyuma yake.

"Mama, zamu yako baada ya baba," akaniambia. "Na ushauri hatutaki."

Nikakaa.