Injini ya Kulia

Baada ya mazishi, Baba Kipanga alirudi karakanani akaendelea na kazi kama kawaida, na hicho ndicho kilichomtia mke wake hofu. Alikuwa seremala wa vitanda na milango, mtu wa mizaha. Mteja akimwuliza kitanda hiki kitadumu muda gani, humjibu, "Kitaizidi ndoa yenyewe." Sasa mizaha ilimkauka. Aliranda mbao, akapiga msasa, akala alichotengewa, akalala ameelekea ukutani. Chozi halikumtoka hata moja. Watu wakasema mzee ana moyo wa jiwe. Mke wake, aliyemjua, aliona moyo uko palepale, ila jiwe limeukalia.

Kipanga alikuwa kifungua mimba wao. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa vile utotoni ukimkosa chini ulimtafuta juu ya paa. Akakua, akasoma, akawa rubani wa ndege ndogo ya injini mbili, ya kubeba vifurushi na dawa. Asubuhi moja, ndege ilipokuwa ndiyo kwanza imeiacha ardhi, injini ya kushoto ilizimika. Ndege ikalalia ubavu, ikapinduka, ikaangukia shamba lililo mwisho wa uwanja. Alikuwamo peke yake.

Muda ukapita, ndipo akaja bwana mmoja wa ofisi ya uchunguzi. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayeaga kabla ya kukaribishwa, akawa anaizungusha kofia yake mikononi.

"Mzee, mama, poleni sana. Injini ilikufa, hilo halina ubishi. Lakini ndege ile inaweza kushikiliwa hewani kwa injini moja, na marubani wanafundishwa hivyo. Injini ya kushoto ikifa, pua inavutwa kushoto, rubani anakanyaga pedali ya kulia. Mtoto wenu alikanyaga kushoto."

Mama Kipanga aliinamisha kichwa. Baba Kipanga alimkazia macho yule bwana.

"Mwanangu alijua kulia na kushoto kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake," alisema.

"Najua, mzee. Ni jambo la ghafla."

"Hujui. Ndege ile ilikuwa haishikiki. Angekanyaga kulia, angekanyaga kushoto, ingeanguka tu."

Yule bwana hakubishana na mfiwa. Aliaga, akaenda zake. Na tangu siku ile Baba Kipanga alikuwa na kazi moja tu duniani.

Karakana ya jirani ilikuwa ya fundi mmoja wa redio na simu, mtu mzima mwenye familia yake, ambaye siku za mapumziko alirusha vindege vya rimoti kwenye uwanja mkavu nyuma ya matanuri ya matofali. Wote walimwita Fundi Redio. Baba Kipanga alimwendea na picha ya ndege ya mwanawe.

"Nataka hii. Ndogo kuliko yenyewe, lakini isiwe mwanasesere. Injini mbili, za petroli, na iruke."

Fundi Redio aliitazama picha, akamtazama mzee. "Kubwa kiasi gani?"

"Mabawa yake yawe kama vitanda viwili vilivyopangwa kichwa kwa miguu."

"Mzee wangu, injini mbili ni sawa na wake wenza. Mmoja akinuna, nyumba nzima inalala upande. Anza na moja."

"Mwanangu hakufa na moja."

Fundi Redio aliiweka picha mezani. Halafu akavuta kigoda, akasema, "Haya. Kaa tupime."

Maisha yake yote Baba Kipanga alikuwa ametengeneza vitu visiende popote. Kitanda kizuri ni kizito, mlango mzuri ni mzito. Sasa uzito ulikuwa adui. Alikata mbavu za mabawa kwa plaiwudi nyembamba, akazitoboa matundu katikati, akazipiga msasa mpaka ukiziinua dirishani unaona mwanga umeanza kupenya. Kila kipande alikipima kwenye mizani aliyoiazima kwa muuza dawa, na kikizidi hata kidogo alikivunja akaanza upya. Vitanda vya watu vikangoja. Bwana harusi mmoja alikuja mara ya tatu kuulizia chake, akakuta godoro lake limesimamishwa ukutani, na pale pa kitanda pamelala kiwiliwili cha ndege.

"Mzee, nitaoa nikalale kwenye bawa?"

Zamani angepata jibu la kucheka wiki nzima. Safari hii Baba Kipanga alimwambia tu, "Kachukue kwa mwingine," wala hakuinua macho.

Injini alizitoa kwenye mashine mbili za kukatia nyasi. Fundi Redio alizifungua, akazisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akazifunga kwenye benchi na propela zake. Ziliponguruma pamoja kwa mara ya kwanza, vumbi la mbao liliinuka karakana nzima kama moshi. Lakini hazikupatana. Moja ilikuwa mbele ya mwenzake kidogo tu, na mlio wao ukawa unapanda na kushuka, uuu-wa, uuu-wa, kama mgonjwa anayehema. Walikaza skrubu, wakalegeza, wakasikiliza, mpaka sauti mbili zikawa moja.

Vikaja vya ndani: vimota vidogo vya kusukumia vibao vya mabawa na usukani wa mkia, waya kila upande, na kipokezi cha kunasa amri za rimoti. Fundi Redio alifunga betri mbili mahali pa moja. "Kipokezi kikikosa umeme," alisema, "hiyo si ndege tena. Ni jiwe lenye mabawa."

Baba Kipanga akamwambia, "Nataka na swichi. Kwenye rimoti. Ya kuzima injini ya kushoto peke yake."

"Ya nini?"

"Ya usalama."

"Usalama ni kuzima zote mbili, mzee."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo unaogonga. Fundi Redio akachukua kifaa chake cha kulehemu.

"Nitaifunga. Lakini sitaibonyeza mimi. Siku hiyo utarusha mwenyewe."

Akamfundisha kwa kindege cha sponji. Kila jioni kabla jua halijazama, mzee yule mwenye vidole vilivyojaa makovu ya patasi alisimama uwanjani na rimoti kifuani, akijifunza. Aliangusha, akagundisha, akarusha tena, mpaka mkono ukazoea. Na karakanani, randa mkononi, midomo ilimcheza. Ya kushoto ikifa, sukuma kulia. Kushoto imekufa, kulia. Kulia, kulia, kulia.

Mama Kipanga alimkuta hivyo siku aliyofuata pasi yake. Tangu msiba hakuwa amekanyaga karakanani, na mume wake alikuwa ameichukua pasi bila kuuliza. Alimkuta ameinamia bawa, akipitisha pasi polepole juu ya kitambaa chembamba, nacho kinajikunja na kukaza mbavuni kama ngozi juu ya ngoma.

"Kulia," alikuwa akinong'ona. "Kulia, kulia."

"Laiti ungelia kweli," mke wake akasema mlangoni.

Baba Kipanga alishtuka, akainua pasi. Mama Kipanga alizunguka ndege yote. Alikuwa ameijua kabla hajaambiwa, rangi nyeupe, mstari wa buluu ubavuni, kioo cha mbele ambacho mwanawe alimpungia mkono nyuma yake.

"Jeneza lake ulishindwa kulitengeneza," alisema taratibu. "Ulimwachia seremala mwingine, na mimi sikukulaumu. Sasa hili ni nini? La pili?"

"Nataka kuonyesha kwamba hakukosea. Nitaipandisha, nitaizima ya kushoto, nitasukuma kulia kama inavyotakiwa. Itaanguka tu. Waone."

"Nani aone?"

Baba Kipanga aligeukia bawa lake.

"Kwa hiyo unajenga ndege, unaiomba ianguke." Mama Kipanga alimsogelea. "Na isipoanguka, baba? Ikishikika? Utarudi nyumbani uniambie nini?"

Kitambaa kilianza kunuka kuungua, maana alikuwa ameirudisha pasi pale pale bila kujijua. Aliiondoa, akabaki anatazama doa la kahawia. Alipogeuka, mke wake alikuwa amekwisha kuondoka, na pasi hakuichukua.

Swali lile halikumtoka. Alilibeba wakati anatia vipande vya madini ya risasi ndani ya pua ili ndege ikae sawa, wakati yeye na Fundi Redio wanaiinua kwa ncha za vidole chini ya mabawa, nayo inaelea katikati yao bila kuinamia mbele wala nyuma. Ikishikika, basi kijana aliua nafsi yake kwa mguu wake mwenyewe. Isiposhikika, basi mimi nitasimama pale nimtazame anakufa. Usingizi ulimpaa. Akakonda mpaka mkanda ukaishiwa matundu, akatoboa jingine kwa msumari. Lakini kuacha hakuweza.

Siku ya kuruka waliipakia ndege kwenye mkokoteni, mabawa pembeni yamefungwa mablanketi. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi fupi za kahawia, upepo kidogo. Waliunga mabawa, wakajaza petroli, wakajaribu vibao kimoja kimoja. Baba Kipanga alipoinua kichwa alimwona mke wake amesimama kando ya matanuri, mtandio umemfunika mpaka kidevuni. Hakuwa amemwambia siku. Hakumpungia, naye hakusogea.

Injini ziliwaka. Fundi Redio alishika mkia, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Ipandishe kwanza juu sana," alisema. "Ukiwa juu una nafasi ya kujirekebisha."

"Yeye hakuwa juu."

Fundi Redio akaachia mkia.

Ilikimbia kwenye nyasi, ikaruka kidogo, ikagusa, kisha ikaiacha ardhi. Ilikuwa nzuri. Kwa kitambo hicho Baba Kipanga alisahau ilijengewa nini. Aliona tu mstari wa buluu ukipanda, magurudumu yakizunguka hewani bure, na mlio ule mmoja wa injini mbili. Kidole chake kikaanza kuitafuta swichi.

Hakikufika. Mlio ulikatika katikati, ukabaki nusu. Pua ikageuka, bawa likashuka, na dole gumba lake likafanya lile lililofundishwa kwa miezi. Lilisukuma kulia, kwa nguvu zote.

"Siyo!" Fundi Redio alipiga kelele. "Ya kulia ndiyo imekufa! Kushoto! Punguza moto!"

Alisikia. Alielewa kila neno. Lakini ndege ilikuwa imekwisha kugeuza tumbo juu, na lililobaki lilikuwa ardhi. Ilivunjika kwa sauti ndogo kuliko alivyodhani, kama kreti linalokanyagwa. Propela ya kushoto ilizunguka kidogo kwenye vumbi, ikasimama.

Fundi Redio alikimbia kuchomoa betri kabla petroli haijashika moto. Baba Kipanga hakukimbia. Alikaa chini, rimoti mapajani, anakitazama kidole chake. Bado kilikuwa kimesukuma kulia.

Mama Kipanga akaja, akasimama juu yake.

"Nilikuwa najua la kufanya," mume wake akamwambia, na sauti haikuwa yake. "Mama Kipanga, nilikuwa najua. Sina kazi nyingine niliyoijua kama hii. Nilikuwa nimesimama chini, sina hofu ya kufa, naingoja. Na bado..."

"Na yeye alikuwa anajua," mke wake akasema.

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kama wazee wanavyolia, kwa kufuta jicho na kukohoa. Alilia kwa kifua na tumbo, akauma nyasi, akaita jina la mwanawe, lile la shuleni ambalo hawakulitumia nyumbani. Mke wake alipiga magoti, akakishika kichwa chake, naye hakumnyamazisha. Kule kwenye mabaki Fundi Redio aliwapa mgongo, akajishughulisha na waya. Baadaye aliwaambia kwamba mpira wa petroli wa injini ile ulichomoka, na kwamba aliyeufunga ni yeye. Baba Kipanga alimwambia, "Acha, ndugu yangu," basi.

Hakuna aliyepona siku ile. Tungekuwa waongo kusema vinginevyo. Alichokwenda kukitafuta hakukipata, maneno ya yule bwana wa ofisi yalibaki kama yalivyo, tena sasa alikuwa ameyathibitisha kwa mkono wake. Kwa muda mrefu vitanda alivyovitengeneza vilikuwa vibaya, na baadhi vilirudishwa.

Mteja mmoja, mgeni wa mtaa, alikuja kuagiza mlango. Alipoona kipande cha bawa kwenye kona akaanza kusimulia habari za ndege, na akaikumbuka ile iliyoanguka shambani. "Wanasema ni rubani," alisema. "Alikanyaga kusiko."

Baba Kipanga aliendelea kuvuta utepe wake wa kupimia.

"Ndiyo, alikosea," alisema. "Alikuwa mwanangu."

Baba Kipanga akamwuliza mlango aufungie bawaba upande gani.

Alipofika nyumbani alimweleza mke wake. Mama Kipanga alikuwa anachambua mchele. Alishusha sinia mapajani.

"Ulimwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alitaka mlango."

Mama Kipanga alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje. Kisha akasogea kwenye mkeka, mumewe akakaa kando yake, wakachambua pamoja.