Kila Mlango wa Ishirini

Phares Ochola alikuwa karani wa stoo ya reli, na mambo mawili yalimpa kiburi: mwandiko wake, na kwamba alihesabu watu katika sensa ya mwaka 1979. Sensa ilikwisha, lakini yeye hakukubali kwamba imekwisha. Miaka miwili baadaye bado alienda kanisani na kalamu tatu mfukoni, na mhubiri akitaja umati wa watu, Ochola alitaka kujua walikuwa wangapi.

Kwa hiyo shirika moja la misaada lilipotafuta mtu wa kuuliza maswali mtaani kwao, nyuma ya Makadara, alichukua likizo yake ya mwaka akajitosa. Shirika lilikuwa na mifereji mipya ya maji ya bomba ya kutosha mtaa mmoja, na mitaa iliyoomba ilikuwa miwili. Ule ambao ungeonekana kuteseka zaidi kwa maji ndio ungepewa. Mtaa wa Ochola ulikuwa na nyumba mia nane, na kuzimaliza zote hakukuwezekana, basi arobaini zingesema kwa niaba ya nyingine. Agizo la msimamizi wake, Bwana Mbuthia, lilikuwa fupi: aulize kila mlango wa ishirini.

Ochola alilishika agizo hilo kama amri ya Musa. Namba ishirini, arobaini, sitini, mpaka mia nane. Warigia wa namba kumi na saba alimwita amweleze shida zake, na Ochola akamjibu kwamba sayansi haina upendeleo. Jumatatu jioni alirudi nyumbani akipiga mluzi, akamtangazia mkewe Adoyo, aliyekuwa akisonga ugali, kwamba mtaa wao hauna shida ya maji hata kidogo. Watu thelathini na wanane kati ya arobaini wanapata ya kutosha. Kero yao kubwa ni kelele asubuhi.

Adoyo aliacha kusonga. Alitaka kujua ni nyumba zipi hizo, na Ochola akamsomea orodha yote kwa sauti ya kanisani, maana ilikuwa orodha nzuri, kila namba ikiishia na sufuri.

"Baba Perez," Adoyo akamuuliza mumewe, "hapa kila laini iko na milango ngapi?"

"Ishirini."

"Na mfereji uko wapi?"

Ochola aliitazama tena orodha yake. Laini zote arobaini za nyumba za mtaa ule zilijengwa kwa ramani moja: milango ishirini, na mfereji mmoja ukutani pa nyumba ya mwisho. Alikuwa amewauliza watu arobaini wenye mfereji chini ya dirisha. Hao waliamka, wakatega debe, wakarudi kulala, na kelele waliyolalamikia ilikuwa ya wenzao waliopanga foleni. Kila siku maji yalikatika saa mbili asubuhi, foleni ikiwa bado ndefu. Ochola mwenyewe aliishi namba 203, mlango wa tatu, mbali kabisa na mfereji, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuiona foleni hiyo, kwa sababu kila alfajiri alikuta maji ya kuoga yakimngoja kwenye karai, yamepashwa moto.

Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Mifereji ingeenda mtaa wa pili kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jumanne alimwendea Mbuthia. Mbuthia aliona fomu ni safi na agizo limefuatwa, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Kama Ochola alitaka kurudia kazi yote, basi miguu ilikuwa yake.

Ochola alirudi nyumbani akakata vikaratasi mia nane, kila kimoja na namba ya nyumba, akavipanga ndani ya debe kavu kuanzia moja mpaka mia nane. Aliponyoosha mkono achague arobaini, Adoyo aliupiga kofi. Vya juu vyote vilikuwa vya mia saba na kitu. Akachukua mwiko wake akakoroga mpaka jasho likamtoka. Sasa kila nyumba ilikuwa na nafasi ileile, moja kwa ishirini, iwe ya katikati au ya mwisho, ya mzee wa kanisa au ya mlevi. Kikaratasi cha Warigia hakikutoka safari hii pia, naye alimtukana Ochola kwa lugha mbili.

Kikaratasi cha arobaini kilikuwa 203.

Ochola alitaka kukirudisha. Kumhoji mke wake mwenyewe aliona ni mchezo wa watoto.

"Ukirudisha hiyo," Adoyo akasema, "ni wewe unachagua, si debe."

Basi Alhamisi jioni, alipomaliza zile thelathini na tisa, alisimama nje akiwa amevaa tai, akabisha mlango wake mwenyewe. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliuliza ni nani huchota maji katika nyumba hii, na Adoyo akajibu kwamba ni yeye. Aliuliza ni mara ngapi kwa siku, akaambiwa sita. Kisha akasoma swali la mwisho, la nani humsaidia. Adoyo alimtazama mpaka vicheko vikaisha.

"Andika hakuna."

Akaandika, kwa mwandiko wake ule mzuri.

Ijumaa, Mbuthia alihesabu fomu mara mbili. Nyumba thelathini na moja kati ya arobaini hazikupata maji ya kutosha. Alikiri kwamba mtaa wa pili hauwezi kufikia hapo, akasema mifereji itakuja. Alipokuwa akipiga mihuri, alisimama kwenye fomu ya 203. Mke anachota mara sita, mume yupo, msaidizi hakuna. Akauliza kama mume huyo ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," Ochola akasema. "Ni mimi."