Mlango wa Bi Kipaza

Bi Kipaza akimwita mumewe kula, wanaume wa nyumba za jirani nao huinuka kunawa mikono. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake enzi akifundisha ushonaji, kwa sababu hata akikunong'oneza siri, walio nje ya geti wataisikia. Alipostaafu, mwalimu mkuu alimwomba arudi kila alasiri, baada ya masomo, awasimamie wasichana. Wengi walikuwa wakiacha shule njiani, hasa wa ng'ambo ya barabara, familia zilizohamia hapo na lugha yao na desturi zao. Wenyeji na wahamiaji walisalimiana vizuri tu, lakini kila mtu alibaki upande wake.

Bi Kipaza alikubali hata kabla mkuu hajamaliza kusema. Kukaa nyumbani kulikuwa kumemchosha, na mumewe, fundi seremala, alikuwa amechoka zaidi.

Akapanga mambo kwa akili zake zote. Kila msichana wa upande huu aliketi na mwenzake wa upande ule. Mmoja anaeleza hesabu kwa lugha yake, wa pili anajifunza kuieleza hivyo hivyo, kisha wanabadilishana. Walivyokuwa wakitamka maneno ya wenzao ilikuwa vichekesho vitupu, lakini nusu na robo ziliingia vichwani. Laiti angeishia hapo. Lakini mtu fulani alimwambia wazee wa ng'ambo ni watu wa staha, basi akaongeza na lake: mapazia mazito madirishani, komeo mlangoni, mwanamume asikanyage. Akakaa akisubiri kushukuriwa.

Kumbe alikuwa amejipalia makaa mwenyewe. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Ng'ambo walidai mabinti wao wanafundishwa kuwadharau wazazi. Wenyeji walidai wa kwao wanasahaulishwa mila. Kila aliyepokea habari aliitia chumvi kidogo kabla ya kuipitisha, na viti vikaanza kubaki vitupu. Mwishowe hata Kijiti hakuonekana.

Kijiti alikuwa mjukuu wa bibi mmoja wa ng'ambo, msichana mwembamba aliyekuwa akicheka peke yake jibu likimjia. Bi Kipaza alimpenda waziwazi, na aliyeona upendeleo alijibiwa kwamba ameona sawasawa. Sasa habari zilikuja kwamba shangazi yake anakuja kumchukua, akamsaidie kuosha vichwa vya wateja saluni kwake, mji mwingine. Shule ingekuwa basi tena.

Bi Kipaza akavuka barabara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Punguza sauti, mtoto wa jirani amelala."

"Bibi, huyu mtoto ana kichwa. Ukimtoa sasa utamkata miguu."

"Kwanza niambie, huko ndani mnafanya nini?"

"Tunasoma tu."

"Kusoma gani kunataka komeo? Mlango wangu mimi uko wazi tangu asubuhi, hata mbuzi anaingia. Wewe unamfungia mjukuu wangu ndani, sijui anaambiwa nini. Basi na mimi nimefunga."

Bi Kipaza akageuka, akavuka tena barabara. Nusu ya njia alimkasirikia bibi, nusu iliyobaki akajikasirikia mwenyewe. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mumewe.

"Chukua bisibisi."

"Nani tena kakuudhi?"

"Mlango."

"Mke wangu, miaka yote hii watu wananilipa niweke milango," fundi alisema, lakini akaenda. Bawaba za mlango wa darasa zikafunguliwa, mlango ukaegeshwa nyuma ya stoo, mapazia yakashonwa foronya. Mwalimu mkuu alipolalamika kuhusu wezi, alionyeshwa kabati lenye kufuli.

Basi mtaa mzima ukahamia shule. Wapita njia walichungulia, wakaona wasichana wakihangaika na nusu na robo, wakaondoka wamekata tamaa ya umbea. Sauti ya Bi Kipaza sasa ilifika barabarani bila kizuizi, na muuza mkaa akajikuta akijibu maswali huku anapima. Baba wawili, mwenyeji na mhamiaji, walibishana juu ya jibu moja mpaka wakagundua wote wamekosea. Viti vikaanza kujaa tena, na Bi Kipaza alifurahi, ila kiti cha Kijiti kilibaki kitupu.

Alasiri moja bibi akatokea, amemshika Kijiti mkono, mkono wa pili umebeba kigoda. Akakiweka pale pale mlango ulipokuwa, akaketi.

"Nimekuja kuona. Sijasema nimekubali."

Akamsikiliza mjukuu wake akieleza. Kisha msichana mwenyeji akarudia kwa lugha ya bibi, akiivunja vipande vipande. Bibi alivumilia, alivumilia, akashindwa, akamsahihisha kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga. Kesho yake alifika kabla ya kengele. Lakini kuhusu shangazi hakutamka neno, na Bi Kipaza aliogopa kuuliza.

Shangazi akaja, amependeza, na gari linamsubiri getini.

"Shikamoo, mama. Mwite mtoto twende, dereva ana haraka."

Bibi hakuinuka kigodani. "Hajamaliza."

"Anamaliza saa ngapi?"

Bibi akageuza shingo. "Mwalimu, huyu bado muda gani amalize?"

Bi Kipaza akaweka chaki chini. "Leo, bibi?"

"Shule."

"Miaka minne, bibi."

Bibi akamrudia binti yake. "Umesikia mwenyewe. Mwambie dereva aende zake. Na wewe sogea hapo, unawazibia mwanga."