Pindo la Vidole Vinne

Nyumbani kwao hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Fundi tu, tangu mikono ya mama yake ilipoanza kutetemeka akamwachia cherehani. Miaka kumi na minane sasa, kila Krismasi, Fundi humaliza jora zima: kitambaa kimoja kwa familia nzima, watu kumi na mmoja. Kaka yake hupimwa amevuta pumzi, eti tumbo halijaongezeka.

Baada ya chakula huja shukrani. Kila mtu husimama akamshukuru mmoja aliyemfaa mwaka ule, na anayeshukuriwa hujibu maneno yale yale: "Na mwakani tena." Maneno mepesi, utadhani salamu. Lakini katika nyumba ile yakishatoka yametoka. Mama aliwahi kumjibu shangazi hivyo, akamuuguza miaka sita.

Mwaka huo Fundi alikuwa na barua kwenye droo ya cherehani. Chuo cha ushonaji, mji wa mbali, kilimtaka akafundishe kuanzia Januari. Ana miaka arobaini na mmoja, na hajawahi kulala katika chumba ambacho ufunguo wake anao yeye. Aliitaka kazi ile mpaka hamu ya kula ikamtoka. Kusema sasa! Kila alipofungua mdomo, mtu aliingia na kipimo chake. Basi akafanya analolijua: kila nguo akaiachia pindo la vidole vinne, ili watoto wakirefuka, mwakani yeyote mwenye sindano alishushe bila yeye. Shukrani zikimfikia angejibu "Asanteni" basi, halafu aeleze.

Siku yenyewe, mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, alimvuta mjukuu amkague nguo kwa vidole kama kawaida yake. Vidole vikashuka na mshono hadi kwenye pindo. Vikasimama. Vikapima taratibu, kimoja, viwili, vitatu, vinne.

"Mwaka huu umeacha pindo kubwa," alisema.

"Watoto wanakua, mama."

Mama akashika pindo la gauni lake mwenyewe. "Na hili langu? Mimi nami nakua?"

Wote wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka. Kwa haraka zake alikuwa ameyapinda mapindo yote sawasawa, ya watoto na ya wakubwa.

Kwa desturi mama hushukuru wa mwisho. Siku hiyo, sahani hazijaondolewa, alishika meza akasimama.

"Mimi namshukuru Fundi. Bila yeye nyumba hii haina Krismasi. Mikono yangu ni yeye."

Watu kumi wakamgeukia, wote ndani ya kitambaa chake, wakitabasamu. Wanampenda kweli, hilo ndilo lililomkaba.

"Na mwakani tena," Fundi akasema.

Wakapiga makofi. Kaka akalalamika shati linambana.

Jikoni, Fundi akiosha vyombo, mama alikuja na kitambaa cha kufutia, akasimama ubavuni pake.

"Nilijua kwa lile pindo, mwanangu. Nikaogopa. Nisamehe."

Fundi alikuwa na hasira, na hakuwa na mtu wa kumtolea. Akangoja neno moja tu, nenda. Mama alifuta sahani ile ile mpaka ikakauka kabisa.

"Hili gauni langu kesho ulifumue, hiyo ziada uikate," mama akasema. "Inaninasa miguuni."

"Haya, mama."

Kesho yake alilifumua, akakata vidole vinne vya kitambaa, akafagia.