Karavani Iliyopimwa kwa Ugali

Waliomjua Nasimiyu pale Muaither, mtaa mmoja huko Uarabuni, walijua mambo mawili juu yake. La kwanza, alikuwa nesi wa wodi ya watoto asiyetishwa na daktari yeyote. La pili, majira ya baridi yakiingia, usijisumbue kubisha mlango wake siku ya Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko. Hayupo. Yeye na mumewe Cornelius wameshatupa hema nyuma ya Prado yao kuukuu, wamepita viwanda vya Mesaieed, wamepunguza upepo kwenye matairi yasizame na kujitosa kwenye mchanga wa jangwani. Wakenya wenzao waliwacheka. Mtu ametoka Bungoma, kwenye mvua na migomba, halafu anafunga safari kwenda kutafuta vumbi! Nasimiyu aliwajibu kwamba kila mtu na starehe yake, na kwamba wengine wao walikwenda The Pearl, kule kwa matajiri, kila wiki kutazama maboti ya watu na hakuna aliyewauliza kitu.

Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Cornelius, mjini, alikuwa kama bubu. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kompyuta ya kampuni moja, na simu ya kazini ilimfuata mpaka kitandani. Chakula kimeiva? "Eh." Bradley, mtoto wao aliyekuwa shule ya bweni huko nyumbani, amefanya vizuri mtihani? "Eh." Angeweza kumaliza wiki nzima kwa hiyo "eh" moja na asione kasoro. Lakini mfikishe jangwani, simu ikose mtandao, umchutamishe ashike sufuria kwa vijiti viwili isiyumbe mchangani wakati mkewe anasonga ugali, ndipo utajua kumbe ana ulimi. Alisimulia habari za baba yake, fundi wa redio wa Kimilili aliyezungumza na redio mbovu kana kwamba ni wagonjwa. Alimwambia Nasimiyu mambo anayoyaogopa. Alimchekesha mpaka mwiko ukamponyoka. Huyo ndiye mwanamume ambaye Nasimiyu alimpenda. Yule wa mjini alimlea tu, kama mtu anavyolea mguu uliokufa ganzi akijua utaamka.

Kisha ikaja Februari ya mwaka 2014. Upepo uling'oa hema, Cornelius akainama kuokoa nguzo, na mgongo ukamkatalia palepale. Nasimiyu alimrudisha mjini akiwa amelazwa kiti cha nyuma, akinung'unika kila walipopita tuta. Daktari akatoa amri: asilale chini, asiinue kitu kizito. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Cornelius hakuwa tena na mgongo wa kuinamia chochote.

"Halasi, yamekwisha," akasema walipotoka hospitali. "Hilo hema ligawe."

Kiangazi chote nyumba ilikuwa kimya. Nje joto la kuchoma, ndani kiyoyozi kikinguruma, na kati yao wawili hakuna neno. Hawakugombana, heri wangegombana. Nasimiyu alikuwa mwanamke jasiri, lakini niseme wazi, aliogopa. Aliona mumewe anampotea huku amekaa naye kwenye sofa moja, na dawa pekee aliyoijua ilikuwa kule mchangani, ambako mgonjwa mwenyewe alikataa kwenda.

Oktoba ilipofika, hewa ikaanza kupoa, alikuja na uamuzi.

"Baba Bradley, tunanunua karavani. Ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari. Ina kitanda cha juu ya ardhi."

"Karavani ni za Waarabu."

"Kwani wao ndio wenye migongo peke yao?"

"Eh," akasema Cornelius, na Nasimiyu, aliyezoea kuitafsiri "eh" apendavyo, akaihesabu kuwa ndiyo.

Wakaenda Industrial Area, kwenye uwanja mmoja wa karavani zilizotumika. Muuzaji alikuwa Mkenya aitwaye Joram, kijana mwenye shati lililopigwa pasi kali na ulimi uliopigwa pasi kuliko shati. "Karibu madam, karibu mkubwa! Mmekuja mahali penyewe. Hapa mtu haondoki kwa miguu!" Nasimiyu alikuwa na mfuko begani, na ndani ya mfuko mlikuwa na unga, mwiko na sufuria. Yeye hakujua kupima gari kwa kupiga teke matairi kama wanaume wafanyavyo. Alijua kusonga ugali. Nyumba ambayo haisongiki ugali, kwake, haikuwa nyumba, iwe na magurudumu iwe na msingi wa zege.

Joram aliwaanzisha na kubwa kuliko zote. Viti vya ngozi, runinga ukutani, dishi juu ya paa, kiyoyozi, jenereta. Kando ya mlango palikuwa na vitufe. Ulibonyeza kimoja, miguu ya chuma ikashuka yenyewe na kuisimamisha karavani sawasawa. Ulibonyeza kingine, turubai la kivuli likajikunjua polepole. Cornelius alibonyeza, miguu ikashuka. Akabonyeza, ikapanda. Akarudia tena na tena, na usoni akawa na tabasamu ambalo halikuonekana tangu Februari. Mtoto kapewa kidude, Nasimiyu akawaza, na moyo ukamshuka.

"Hii ukiingia, madam, ni kama hujatoka nyumbani!" Joram akasifu.

Masikini, hakujua kwamba hapo ndipo alipoharibu biashara. Nasimiyu akaweka sufuria jikoni, akawasha gesi. Jiko lilikuwa na vyuma vya kuibana sufuria isiteleze, hata mtu wa kuishika hakuhitajika. Alipoanza kukandamiza unga, mvuke ulijaa mpaka darini na Joram akakimbilia kufuta ngozi ya viti vyake. Cornelius alikuwa ameketi mbali, upande wa pili, mbele ya runinga ambayo Joram alikuwa ameiwasha.

"Baba Bradley!"

Kiyoyozi kilinguruma.

"Baba Bradley!"

"Eh?"

Eh ileile ya Muaither. Nasimiyu akazima gesi, akachukua sufuria yake na ugali usioiva, akashuka.

Ya pili waliipita tu, maana kitanda chake kilipandwa kwa ngazi. Ya tatu ilikuwa pembeni ya ukuta, ndogo, kuukuu, weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Joram hata hakuisifu. Lakini mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu ukawa kivuli, jiko likiwa hapohapo mlangoni, na kitanda chake cha chini kilianzia kando ya jiko. Miguu yake ilishushwa kwa mpini wa kuzungusha, kwa nguvu za mkono, na turubai lilikuwa la kufunga kwa kamba. Nasimiyu alimlaza mumewe kitandani ajaribu godoro, akasimama nje kusonga upya. Kichwa cha Cornelius kilikuwa umbali wa kunong'onezana. Ugali uliiva vizuri, wapiga rangi wa uwanjani wakaitwa, wakaumega kwa mala, yale maziwa ya kuganda, kutoka duka la jirani, wakasema madam njoo kesho tena.

"Tunachukua hii," Nasimiyu akasema.

"Mimi naona ile kubwa," Cornelius akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Ya nini? Prado haiivuti, kila safari tukodi gari la mtu. Na nyumbani ninako tayari, sikutoka Muaither kwenda kutafuta Muaither nyingine." Hapo akashindwa kujizuia. "Baba Bradley, mimi sitaki runinga. Nataka mume anayeongea. Kule jangwani ninaye, huku sina. Ukiingia kwenye lile jumba la vitufe nitakukosa huku na kule!"

Wapiga rangi wakaacha kutafuna. Joram akagundua ghafla kwamba kiatu chake kina vumbi. Cornelius aliushika mpini wa miguu, akauachia.

"Chukua unayotaka," akasema.

Basi wakaichukua ndogo. Nasimiyu akajifunza kuivuta kwenye kiwanja kitupu cha Muaither, akagundua kwamba kurudi nyuma na karavani ni kazi ya wendawazimu: ukitaka iende kulia, zungusha usukani kushoto. Nusura ang'oe mtende wa watu. Lakini kabla msimu haujakolea alikuwa anairudisha kwa mkono mmoja, akiwapigia honi kwa madaha wanaume waliokuwa wanatazama.

Ijumaa ya kwanza walifika mchangani alasiri, jua limeshapoa. Cornelius alishuka taratibu, akaushika mpini wa miguu.

"Weka! Mgongo!" Nasimiyu akamwahi. "Wewe keti."

Akaishusha mwenyewe miguu ya pembe zote. Akafunga turubai, akabeba mitungi ya maji, akatandika kitanda, akamwambia alale. Akainjika maji. Kila kitu kilikuwa kama alivyokipanga. Simu haina mtandao, mlango uko wazi, kichwa cha mumewe kiko kando ya jiko. Akangoja.

Cornelius akatazama dari.

"Hewa nzuri, eh?" Nasimiyu akajaribu.

"Eh."

Akatia unga. Akasonga kwa hasira, na machozi yakamlenga, naye si mtu wa kulia. Kumbe jangwa halikuwa dawa. Kumbe mwanamume aliyemfuata huku kote alibaki kwenye lile hema lililong'oka.

"Ile kubwa," Cornelius akasema kutoka kitandani, "ilikuwa na vitufe."

"Baba Bradley, kweli bado unalilia runinga?"

"Runinga nani ameitaka? Joram ndiye aliwasha. Nilikaa pale kwa sababu kiti hakikuniumiza." Nasimiyu akadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. "Nilitaka vitufe. Kidole changu hakina ugonjwa, Mama Bradley. Tukifika ningebonyeza, miguu ingeshuka, turubai lingetoka, nawe ungekuta mumeo amekuwekea kambi. Mimi jangwa halijanichosha. Kilichonichosha ni kukaa kama mgeni nikikutazama ukibeba. Hata kwa nyumba ni hivyo. Nikigusa mfuko wa sokoni, weka, mgongo. Nikigusa ndoo, wewe keti. Sasa mtu anayeketishwa kutwa, ataongea nini?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nasimiyu alihisi uso wake unapata moto, na moto huo haukutoka kwenye gesi.

"Na mbona hukusema pale kwa Joram?"

"Ulikuwa unaongea wewe."

Nasimiyu akafungua mdomo kujibu, kwa mazoea. Jibu lilikuwepo, tena zuri. Akalimeza. Akazima jiko, akaketi kizingitini akamwelekea mumewe, akamshika mkono.

Cornelius akaanza kusimulia, tangu Februari ile ya mgongo, akaja mdogomdogo. Ugali ulipoa sufuriani ukiwa mbichi, na Nasimiyu hakusema neno.