Nilifika mapema kwa harusi yangu Ziwa Chala, nusura basi ligeuke na bibi harusi

Wakuu wa jukwaa, natumai mko salama na kikombe cha chai kiko karibu.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Kuandika naona ni ya wenye shule. Lakini hii kitu imenijaa kifuani tangu Jumamosi, nikinyamaza nitapasuka. Nitaeleza vile ilikuwa, upande wetu na upande wao, bila kuongeza chumvi. Mahali sikumbuki nitasema sikumbuki.

Kwa kifupi, nimeoa!!! Sasa tuendelee.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Voi. Mageti, madirisha, grili. Wazazi walitoka Magharibi, baba akafanya kazi reli, mimi nikazaliwa hapa. Mke wangu (nimeandika "mke wangu", nimesoma tena, nimecheka peke yangu) anaitwa Wakesho, wa Werugha, kule juu milima ya Taita, kwa ukungu.

Wakesho akiwa mdogo shule iliwapeleka Ziwa Chala, upande wa Taveta. Kama hujafika, ni ziwa liko ndani ya shimo la mlima. Maji yako chini kabisa, unasimama pale ukingoni unayachungulia kama ya kisima. Nusu ni Kenya, nusu ni Tanzania. Tangu siku hiyo akasema ataolewa hapo.

Mimi nilitaka kanisa la hapa Voi, halafu pilau nyumbani. Lakini Wakesho akikuangalia vile huwa anaangalia, hata wewe ungesema sawa. Nikasema sawa.

Ikaangukia Julai, ile baridi yenyewe. Kilonzo, best man wangu, akaandika kwa group ya WhatsApp: "DESTINATION WEDDING. WINTER EDITION. Mje mmejipanga."

Wakuu, watu wa Voi tunajua joto tu. Ukituambia winter tunaenda mitumba. Mjomba wangu alitokea na koti la theluji, rangi ya chungwa, kofia ina manyoya. Mama alivaa makoti mawili, moja juu ya lingine.

Sasa sikizeni kosa lilipo.

Tulikubaliana "tukutane ziwani". Kwao ni mbali, kwetu ni mbali, kila mtu aende moja kwa moja. Na Mama hapendi kuchelewa. Tukafika mapema, tukasimamisha hema, masufuria ya pilau na nyama yakapanda moto. Nikajiona bwana harusi wa maana sana.

(Kando kidogo: huko simu zinashika mtandao wa Tanzania. Kila mtu anapata SMS ya kukaribishwa nchi jirani na bado hata hajaosha mikono. Mjomba alidhani amekamatwa.)

Basi la kina Wakesho likatokea. Ndani wanaimba mpaka vioo vinatetemeka. Mama akakimbia na vigelegele, mwiko juu:

"Karibuni wageni wetu! Karibuni kwetu! Mleteni bibi yetu!"

Nyimbo zikakatika kama redio imeisha betri.

Mlangoni akasimama Shangazi Mghoi, dada ya baba yake Wakesho. Huyu ndiye alimlea. Ni mama mfupi, sweta jepesi, lakini mlango wote ulijaa.

"Nani amesema 'mleteni'?"

 Mwiko wa Mama ulikuwa bado juu.

"Kwetu msichana haletwi. Anakujiwa. Nyinyi mmekaa hapa mnakoroga masufuria, mnangoja tuwashushie mtoto kama gunia la viazi?"

Niseme ukweli, alikuwa na haki. Asubuhi ya harusi watu wa bwana wanaenda kwa kina bibi, wanakuta geti limefungwa, wanaimba nje mpaka mashangazi waridhike. Kwetu pia iko. Mimi niliwaza tu, kwa vile ni destination, hapo hakuna nyumbani, basi hiyo sehemu tunairuka. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiamulia.

Na Mama pia nimtetee. Alisema kwa furaha. Hakumaanisha vibaya hata kidogo.

"Dereva," Shangazi akasema, "geuza. Tunarudi Werugha."

Na dereva akawasha gari! Nilidhani ni mzaha mpaka nikaona magurudumu yanakata kona.

Dirisha likafunguka, Wakesho akatoa kichwa na shela yote.

"Wafula! Fanya kitu!"

"Nifanye nini?"

"Mimi ni bibi harusi, siwezi kujishusha!"

Kilonzo akaninong'oneza, "Lala mbele ya basi." Nilifikiria, wakuu. Nilifikiria kweli.

Badala yake nikakimbia kando ya mlango, nikasema kitu sijui kilitoka wapi.

"Shangazi, hapa ni kwenu!"

"Kwetu wapi?"

"Hapa! Kuanzia sasa. Sisi tunaondoka wote, halafu tuje tena vizuri, tupige hodi."

Akaangalia hema. Akaangalia moshi.

"Na hayo masufuria?"

"Ni yenu."

"Wafula!" Mama akapiga kelele. "Nyama yangu!"

Shangazi akafikiria. Sitasema aliangalia nyama, lakini aliangalia upande huo.

"Dereva, zima."

Basi tukaingia kwa magari, tukarudi mpaka lami. Njiani watu wanacheka, wanafuta machozi. Mama peke yake hacheki, ndani ya makoti yake. "Nimefukuzwa kwa sufuria zangu," akasema, "na mtoto wangu mwenyewe." Hapo nilijisikia vibaya, maana alikuwa ameamka kabla ya jogoo.

Tuliporudi, wakuu, njia ilikuwa imefungwa. Leso zimefungwa pamoja, kutoka kwa mti mpaka kioo cha basi. Nyuma yake mashangazi wamejipanga, na mmoja anatafuna mfupa.

"Hodi!"

"Hodi nani? Nyinyi mmevaa magodoro, mnatoka wapi?"

"Kuna baridi, mama!"

"Baridi gani? Huku ni joto! Njooni Werugha mwone baridi!"

Halafu Shangazi Mghoi akaninyooshea kidole. "Wewe! Unatengenezea Voi nzima mageti, kuoa unataka bila geti?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Wa kwanza kuanguka ni Kilonzo, msaliti.

Kina mama wetu wakaimba. "Sauti imeganda hiyo, rudieni!" Wakaimba tena. Sasa wanataka wimbo wa Kidawida, lugha yao. Hakuna anayejua. Mimi najua "chawucha" tu, yaani asante. Nikaimba hiyo hiyo. Chawucha, chawucha, chawucha, na tuni nimejitungia. Sauti yangu ni ya grainda ikikata chuma. Wakanirudisha mwanzo, eti na kiuno kifanye kazi. Pasta wa kutufungisha alikuwa anarekodi.

"Haya," Shangazi akasema. "Mmekuja kutafuta nini?"

"Harusi," nikajibu.

"Harusi haiko. Hapa ni nyumbani kwa watu."

 Nilidhani tumerudi pale pale.

Hapo Mama akapita mbele. Akavua koti moja, akalishika mkononi.

"Dada, mdomo wangu ulikosea. Sikujaliwa msichana. Nilipoona basi linakuja na mmoja, nikasahau adabu. Nimekuja kukuomba mtoto wako. Kama hujawa tayari, nitangoja hapa nje."

Hakuna aliyecheka.

Shangazi akapokea koti, akalivaa. Likamfika kwa vifundo vya miguu.

"Na mimi nilitaka tu aombwe," akasema. "Huyu nimemlea tangu hajui kutambaa. Singeweza kumshusha tu kwa gari niende zangu."

Akafungua leso mwenyewe. Macho yalikuwa na maji. Alisema ni moshi, na kweli moshi ulikuwepo, siwezi kuapa.

Halafu Wakesho akashuka. Gauni halina mikono, vinyweleo vimesimama kwa baridi, anakimbia. "Tembea! Bibi harusi hakimbii!" Mashangazi wanapiga kelele, yeye alikimbia tu. Pasta hakumaliza swali, mimi nimeshasema ndiyo. Ilibidi aulize upya, nikasema ndiyo tena.

Ningependa kuwaambia Kilimanjaro ilijifunua nyuma yetu. Hapana. Ilikuwa ukungu mtupu, na picha zote tumetoka pua nyekundu. Sijali!

Funzo nililopata, kama naruhusiwa kufunza: ukitaka kuoa mbali na nyumbani, kaa na mashangazi mapema uwaulize watakupokelea wapi. Usijiamulie kama mimi. Na ukikosea, mwache mamako aongee.

Jana Shangazi amempigia Mama, anauliza ile pilau iliwekwa nini. Wameongea mpaka simu ikazima. Koti bado hajarudisha, na Mama anasema ole wake atakayemuuliza.

Haya wakuu, nyinyi mliooa na mlioolewa, kwenu mlango ulifunguliwa na nini? Niambieni, na msinicheke sana, mke wangu anasoma.