Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi alikuwa na mdomo mwepesi kuliko cherehani yake, na hilo hata mwenyewe hakulikataa. Miaka thelathini na moja alishona katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi barabarani, na kila shule ilipofungwa mchana chumba hicho kilijaa watoto. Walianza wanawe mwenyewe, wawili. Walipokua wakaenda zao, watoto wa majirani wakarithi benchi. Wazazi walimshukuru kwa kuwaangalizia, naye akawajibu kwamba yeye haangalii mtu, anashona. Wao ndio wanaomwangalia.

Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kuwatia matatani kwa hadithi. Chura ameachiwa kisima akilinde, ameapa hatampa mtu hata tone mpaka wenyewe warudi. Anakuja mtoto wa nyoka, kiu imemshika, hawezi hata kujikokota. Na nyoka huyu akikua, chakula chake ni chura. Hapo Fundi hunyamaza, akatunga uzi sindanoni, benchi likawaka moto. Huyu anampa maji, yule anamfukuza, mwingine anashauri chura ajifanye amelala. Na akiamka amkute mtoto amekufa, anauliza Fundi, atasema alikuwa anaota nini? Siku nyingine hakuna chura wala nyoka: ni rafiki yako aliyevunja dirisha la darasa, na anayeadhibiwa ni mtoto usiyempenda. Unasema au husemi? Majibu yote Fundi aliyapokea kwa maswali. La kwake hakulitoa hata mara moja, na watoto walishachoka kumbembeleza.

Msumbufu wao alikuwa binti wa muuza vitambaa, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Alikuwa na miaka tisa, na walimwita Wakili kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila kukaguliwa. Siku ile alishikilia kwamba kiapo cha chura hakina maana, kwa kuwa waliomwapisha hawakumwambia habari ya kiu. Fundi alifurahi mpaka akasahau alichokuwa akifanya. Alikuwa anakata gauni la muuguzi wa zahanati, kitambaa cha maua makubwa kutoka duka hilo la ng'ambo, upande mmoja una rangi na wa pili mweupe. Kwa kitambaa kama hicho, ukishakata mkono wa kwanza unageuza karatasi ya kipimo ndipo ukate wa pili. Fundi, jibu la Wakili likimwasha ulimini, hakugeuza. Akatoa mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto, na kipande kilichobaki hakikutosha hata kola.

Akanyamaza ghafla. Watoto walidhani wamemshinda, wakapiga makofi. Aliisokomeza mikono ile chini ya mto wa kiti chake.

Kesho yake muuguzi alikuja kulijaribu gauni, la kuvaa siku mwanawe akihitimu chuo. Watoto walikuwa wamekaa benchini. Fundi akausikia mdomo wake ukisema:

"Kitambaa kimepungua, dada yangu. Hakikutosha mikono."

Uongo wa mafundi tangu enzi na enzi, na yeye alizoea kujigamba kwamba haujui. Muuguzi hakumlaumu hata kidogo. Aligeuka, akavuka barabara, akamwambia muuza vitambaa mbele ya wateja wake kwamba fimbo yake ya mita imekatwa ncha, na kwamba kumbe ndiyo maana duka lake limenenepa. Kila neno lilisikika benchini. Wakili aliinama. Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zifunike mambo, akajiambia maneno yatapoa.

Siku iliyofuata alianza hadithi ya ndege na kiota cha kuazima, lakini ilimfia mdomoni. Wakili alinyoosha kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bibi, mtu akipima pungufu bila kujua, ni mwizi?"

Fundi akamuuliza kwa nini anataka kujua. Mtoto akaeleza kwamba baba yake aliiazima fimbo ya duka jirani, akailinganisha na yake. Zikalingana. Halafu akaanza kupima upya majora yote ya vitambaa dukani.

"Anasema fimbo ikiwa nzima, basi huenda macho yake ndiyo yameharibika. Anasema labda amekuwa akiwaibia watu miaka yote bila kujua."

Fundi aliinuka, akatoa ile mikono chini ya mto, akaitandaza mezani. Akawaambia watoto waikague. Hawakuchukua muda, watoto waliokulia kwa mshonaji hawafundishwi mkono wa kushoto. Walitazamana. Hakuna aliyecheka.

"Nimekosea kukata," alisema. "Halafu nikadanganya."

Hakungoja maswali. Alivuka barabara na mikono ile begani, watoto nyuma yake, akamkuta muuza vitambaa amepiga magoti katikati ya majora. Akamwambia, mbele ya kila aliyekuwemo, kwamba fimbo yake nzima, macho yake mazima, na aliyeharibika ni yeye Fundi. Yule bwana alikaa chini palepale, akafuta uso kwa shati. Kisha Fundi akaenda zahanati, akasema vilevile mbele ya foleni ya wagonjwa, kwa sauti ileile anayotumia kuwaita watoto barabarani. Muuza vitambaa alitukanwa watu wakisikia, basi na kusafishwa kwake watu wasikie pia. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema gauni lake atalimalizia kwa fundi mwingine, na jioni hiyo ataenda dukani mwenyewe kuomba radhi. Fundi alikubali yote mawili. Alijiona mwepesi, na hatua zake za kurudi zilikuwa za mtu anayejua aendako.

Wakili alikuwa akitembea pembeni yake, wameshikana mikono.

"Wakati ule baba anatukanwa," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mtoto akauachia mkono wake, akatangulia nyumbani peke yake.

Kwa siku tatu benchi lilikuwa na pengo, na Fundi hakusimulia kitu. Watoto walipomdai hadithi, aliwaambia wangoje, mwenzao hajafika. Siku ya nne Wakili aliingia, akasalimia kwa heshima kama mgeni, asikae.

"Leo nauliza mimi," alisema, "na wewe unajibu. Usinirudishie swali."

Fundi akasimamisha cherehani.

"Uliogopa nani? Muuguzi?"

"Hapana. Muuguzi angegomba tu, yakaisha." Fundi aliwatazama wote, mmoja mmoja. "Niliwaogopa ninyi. Mlikuwa mmekaa hapo."